Integrali kwenye Python: ya alama au ya namba?

Wanafunzi ninaowasaidia Python wakishaonja SymPy (maktaba inayokokotoa kwa alama na kutoa fomula), SciPy (inayokokotoa kwa namba na kutoa desimali) huisahau. Nawaelewa. Fomula kamili inapendeza macho, na desimali zinaonekana kama kazi ya kubahatisha.

Basi jaribu hii: integrali ya x²⁰ mara eˣ, kuanzia 0 hadi 1. SymPy itakupa 895014631192902121e − 20!, jibu lisilo na kasoro hata chembe. Sasa likokotoe kwa float ya kawaida, yaani namba ya desimali ya kompyuta. Float hubeba tarakimu 15 au 16 hivi, na hapa kila upande wa alama ya kutoa una tarakimu 19. Zikitoana, kinachobaki ni takataka: pengine sifuri, pengine mamia. Jibu la kweli ni 0.1238 hivi, na `quad`, amri ya SciPy ya integrali, hulitoa bila jasho. Kama unaitaka fomula, ikokotoe kwa `evalf`, amri ya SymPy yenyewe ya kugeuza fomula kuwa desimali, maana huongeza tarakimu za ndani pale zinapohitajika.

Lakini `quad` nayo usiiamini kichwakichwa. Ipe e^(−x²) kuanzia 0 hadi 10000. Hupima kwanza kwenye nukta 21, na ile iliyo karibu zaidi na sifuri iko kwenye 21.7 hivi, ambako mlima wote wa grafu, ulio karibu na sifuri, umeshapita. Inaona tambarare tupu, inarudisha namba ndogo mno isiyotofautiana na sifuri, na kadirio lake la kosa nalo ni sifuri! Hili ndilo linalonitisha, kwa sababu hakuna onyo lolote. Weka `np.inf` (yaani isiyo na mwisho) badala ya 10000, utapata 0.8862. Na kabla ya yote chora grafu. Nasema hivi kila mara na bado watu hawachori.

Mimi huchagua hivi: kama ndani kuna kigezo a ambacho baadaye nitakitafutia derivativu, naenda kwa alama. Kama ni data za vipimo, au fomula ndefu inayoifanya SymPy izunguke dakika nzima, naenda kwa namba na sibembelezi.

Fomula ya alama ikipatikana, nachukua thamani mbili tatu za a na kuilinganisha na `quad`. Zisipokubaliana, mahali pa kwanza ninapotazama ni kigawanyo kilicho ndani ya integrali: je, kinagusa sifuri katikati ya mipaka?