Pampu ya petroli ya umeme: majibu kwa wenye magari ya zamani

Shikamoo fundi. Nina MGB ya 1965. Pampu ya SU ilikufa, nikafunga ya Facet, ile ndogo ya mraba, kwenye sakafu ya buti. Gari linakwenda vizuri, ila nyuma ya viti kunagonga tak-tak-tak mfululizo. Nimenunua pampu mbovu? (Nakuru)

Marahaba. Pampu yako ni nzima. Ndani yake kuna pistoni inayovutwa na sumaku ya umeme kisha kurudishwa na springi, mara nyingi kila sekunde, na kila pigo lina mtikisiko wake. Umeifunga kwenye bati jembamba na pana, nalo bati limekuwa ngoma. Kelele unayoisikia ni ya bati zaidi kuliko ya pampu.

Kwa hiyo ihamishe kwanza. Tafuta sehemu ngumu ya bodi, penye bati lililokunjwa au kuchomelewa maradufu, karibu na tangi na chini kadiri inavyowezekana bila kugongwa na mawe. Kisha ifunge kwa vipande vya mpira vyenye boliti kila upande, ambavyo ndani yake chuma hakivuki kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaweka washa za mpira, halafu wanapitisha boliti moja ndefu katikati. Boliti hiyo inabeba mtikisiko wote hadi kwenye bodi, na mpira unabaki pambo tu.

Mpira nao uwe laini. Maunti ya injini ni ngumu mno kwa kitu chepesi kama hiki. Kama bado inasikika, funga pampu kwenye kipande cha chuma cha unene wa milimita 5 hivi, kisha chuma hicho ndicho kikae juu ya mipira. Uzito ukiongezeka, mtikisiko unapungua, na tofauti utaisikia siku hiyo hiyo. Pampu ya aina yako ilaze kwa mshazari wa nyuzi 45, mdomo wa kutolea ukiwa juu.

Mambo mawili ya mwisho. Bomba la chuma lisiunganishwe moja kwa moja na pampu. Weka hozi ya petroli ya sentimita 20 au zaidi kila upande, iliyopinda kidogo, isiyovutwa. Na kwa kuwa mpira haupitishi umeme, kama pampu yako inategemea bodi kurudisha umeme kwenye betri, ivutie waya wake.

Datsun 240Z yangu inazimika kwenye foleni jua likiwa kali. Nataka kuongeza pampu ya umeme. Nikiiweka mbele, chini ya boneti, si itakuwa mbali na masikio? (Nairobi)

Mbele usiiweke. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko petroli huchemka kwa joto dogo kuliko Mombasa. Pampu ya mbele inavuta petroli kutoka nyuma, na kuvuta kunashusha presha ndani ya bomba, hivyo mvuke, ambao ndio unaozuia petroli kupita na kuzima gari, unatokea upesi zaidi. Ya nyuma inasukuma, presha inapanda, mvuke unazuiwa. Gari hili lilishinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, halistahili kusukumwa kwa mkono pale Westlands.

Ile pampu ya zamani iliyoko kwenye injini iondoe na uzibe nafasi yake kwa kibati na gasketi. Kiwambo chake, yaani utando unaosukuma petroli, kikipasuka, pampu ya umeme itajaza petroli kwenye oili.

Pampu yangu ilikuwa kimya mwaka mzima. Sasa inapiga mbio, hasa tangi likikaribia kuisha. Niongeze mpira? (Arusha)

La, mpira hauhusiki. Pampu inayopiga mbio inakosa petroli au inavuta hewa. Angalia filta iliyo kati ya tangi na pampu, halafu klipu na hozi za upande huo: hozi iliyopasuka hapo inaweza kuingiza hewa bila kuvuja hata tone. Mlio ukibadilika, tafuta sababu kabla ya kuunyamazisha.

Je, niifungie ndani ya boksi lenye sponji kwenye buti? (Dar es Salaam)

Hapana kabisa, dada. Sponji inanyonya petroli, boksi linatunza mvuke, na hapo kuna waya wa umeme.

Nimeona pampu ya Toyota ya injeksheni ikiwa kimya kabisa. Naweza kuitumia kwenye kabureta? (Kampala)

Ukimya wake unatokana zaidi na kukaa ndani ya tangi, imezama kwenye petroli. Nayo inasukuma kwa psi 40 hivi (psi ni kipimo cha presha), wakati kabureta za SU au Weber zinataka kama psi 3. Sindano za floti, zile zinazofunga petroli kabureta ikijaa, zitashindwa kuzuia na petroli itamwagika juu ya injini ya moto. Nunua ya presha ndogo.

Nimemaliza kufunga, siisikii hata kidogo. Kuna lililobaki? (Mombasa)

Lipo, na ni kubwa. Weka fyuzi, relei (swichi inayowashwa kwa umeme), na swichi inayokata umeme gari likigongwa. Pampu isiyosikika inaweza kuendelea kusukuma petroli kwenye bomba lililokatika, na wewe umesimama kando ya barabara ukidhani imezima.