Brokoli nyumbani: anza na kalenda, mbegu baadaye

Nikimgawia mtu brokoli, swali la kwanza huwa ni mbolea. Natumia samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, basi. Kazi kubwa inafanywa na kalenda.

Brokoli inataka ubaridi. Ikianza kutunga kichwa wakati wa jua kali, utapata kitu kidogo kama kifungo cha koti, au kichwa kitachanua maua ya njano kabla hujakivuna. Kwa hiyo hapa Arusha napiga hesabu kuanzia Juni hadi Agosti, miezi yetu ya baridi, halafu narudi nyuma. Miche inakaa kitaluni wiki 4 hadi 6. Ikishahamishiwa bustanini, aina nyingi huchukua siku 60 hadi 90. Ndiyo maana nasia mbegu mwishoni mwa Machi, nahamisha mwanzoni mwa Mei masika yakielekea kuisha, nakula Julai. Nyie wa Moshi mjini joto lenu mnalijua, msiuchezee msimu huu. Wa Kibosho na Marangu, huko juu kwenye baridi ya Kilimanjaro, msimu wenu ni mpana zaidi, ila tafadhali, siyo chini ya migomba. Brokoli inataka mwanga wa jua, isichotaka ni joto.

Nafasi kati ya mche na mche naacha sentimita 45. Inaonekana nyingi mche ukiwa mdogo. Subiri majani yatanuke.

Adui mkubwa ni viwavi wadogo wa kijani wa nondo mgongo almasi, wale wale wa kabichi. Wanakaa chini ya jani, kwa hiyo kumwagilia ukiwa umesimama hakutakuonyesha chochote. Inama, geuza jani, ponda. Kwa bustani ya nyumbani sioni sababu ya kukimbilia sumu kali kwenye chakula cha watoto. Vidukari wakijificha ndani ya kichwa, kiloweke kwenye maji ya chumvi kabla ya kupika.

Kata kichwa kingali kimebana, hata kama unatamani kiongezeke. Na using'oe shina! Endelea kumwagilia, vichwa vidogo vitachipua pembeni, na kwangu hivyo ndivyo vitamu zaidi. Majani nayo yanapikwa kama sukuma wiki.

Shina likichoka, tuta hilo lipe maharage au karoti. Kabichi, chainizi na figiri ni ukoo mmoja na brokoli, magonjwa yao ni yale yale.