Watu elfu mbili wanatusemeaje wote?

SWALI: Mhariri shikamoo, hivi wakihoji watu elfu mbili tu wanajuaje Watanzania wote tunawaza nini? Mbona mimi sijawahi kuulizwa!
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Watu milioni 61 na ushee wa sensa ya 2022 ndo kundi zima, wale elfu mbili ni sampuli, yaani kikundi kidogo kinachochaguliwa kuwakilisha wote, na cha muhimu ni walivyochaguliwa kuliko wingi wao. Cheki Marekani 1936, jarida la Literary Digest lilipata majibu zaidi ya milioni mbili likasema mgombea Landon anashinda urais, kumbe majina mengi walitoa kwenye orodha za wenye simu na magari, enzi zile maskini hana hata kimoja, halafu wengi waliotumiwa karatasi za maswali hawakuzirudisha kabisa, mpinzani wake Roosevelt akabeba majimbo 46 kati ya 48. Kwa hiyo hao elfu mbili unaowasema, uliza walipatikanaje, isije ikawa wote wa mjini.