Maswali na majibu: kinga ya mdudu hulipiwa na nini?

Wadudu huzaana haraka mno. Mbona hawajawa sugu wote kwa magonjwa na vimelea?

Kwa sababu usugu una gharama, na kuna mazingira ambayo hauna faida. Chukua inzi wadogo wanaozengea ndizi zilizoiva kupita kiasi (siyo yule anayeharibu maembe shambani, huyo ni mwingine kabisa). Adui wao mmoja ni nyigu mdogo aitwaye Asobara tabida, anayemdunga buu wa inzi na kumtagia yai mwilini. Yai likianguliwa, buu huliwa kutoka ndani. Buu mwenye kinga imara hulizingira yai hilo kwa chembe za damu, zikashikana na kuwa ganda jeusi, yai likafia humo.

Mwaka 1997 watafiti Kraaijeveld na Godfray walitangaza matokeo ya kuzalisha wale walionusurika tu. Vizazi 5 vilitosha: walionusurika walipanda kutoka takriban 5 katika kila 100 hadi zaidi ya 50. Kisha mabuu hao wakashindanishwa kula na mabuu wa kawaida. Chakula kilipokuwa haba, wale sugu walizidiwa. Kilipokuwa tele, tofauti haikuonekana. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye uhondo: usugu huohuo ni baraka mwaka wa nyigu wengi na mzigo mwaka wa njaa.

Gharama hiyo inaonekana wapi mwilini?

Mdomoni. Buu hukwangua chakula kwa ndoano za mdomo, na wale sugu walizichezesha polepole zaidi. Damu yao nayo ilikuwa na chembe za kinga karibu mara mbili ya kawaida, hata kabla nyigu hajatokea.

Je, mdudu asiye na ugonjwa wowote hulipa?

Kinga ikishtuliwa tu, hulipa. Mwaka 2000 watafiti Moret na Schmid-Hempel walieleza jinsi walivyowadunga nyuki wakubwa wenye manyoya wa Ulaya vitu visivyo na uhai, yaani sehemu za ukuta wa bakteria na vishanga vidogo mno. Walionyimwa chakula walikufa mapema kuliko wenzao wenye njaa ambao kinga yao haikuamshwa.

Basi tufuge mbu wanaoua vimelea vya malaria, tuwaachie mitaani?

Mbu wa aina hiyo walipatikana maabara, Marekani, miaka ya 1980. Ni Anopheles gambiae, mbu wetu hasa wa malaria, waliochaguliwa kwa uwezo wa kuvifunika vimelea kwa ganda jeusi tumboni. Baadaye ikabainika kwamba miili yao ina kemikali nyingi za oksijeni zinazounguza seli, na hali huzidi kila wanapofyonza damu. Na ukiniuliza mimi, hilo siyo hata tatizo kubwa zaidi: vimelea vya falsiparamu (aina ya vimelea vya malaria iliyo hatari zaidi) kutoka Afrika, vile vinavyotuua, kwa sehemu kubwa viliponyoka. Vya Amerika ndivyo vilivyonaswa vizuri.