OpenGrok imefunguka, mbona fankisheni haionekani?

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Ujiji, Kigoma. Nimeajiriwa kutunza mfumo wa chama cha ushirika, unaopokea mawese na kutunza mikopo ya wanachama. Aliyeuandika ameondoka na hakuacha hata karatasi moja. Ni PHP, faili zinapita elfu moja. Niliambiwa nikitaka kuuelewa nisakinishe OpenGrok, programu ya kutafuta ndani ya msimbo, nikaiweka kwenye laptopu yenye Ubuntu 22.04 na RAM ya GB 4. Ukurasa unafunguka vizuri. Kwenye orodha ya miradi naona includes, moduli, picha na vendor. Maneno mengine nikiyatafuta nayapata, ila fankisheni ya kokotoa_riba, ambayo ndiyo inaniumiza kichwa, haitokei kabisa, na kwa macho yangu naiona imo ndani ya kazi.php! Amri niliyotumia ni hii:

java -jar opengrok.jar -c /usr/bin/ctags -s /opengrok/src -d /opengrok/data -H -P -W /opengrok/etc/configuration.xml

Nimefuta na kusakinisha upya mara tatu, bando limeisha. Kosa ni langu au la programu? Na kwa programu ya bure kama hii, msaada unaombwa kwa nani?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kwanza acha kusakinisha upya, programu yako ni nzima. Jibu umelitaja mwenyewe bila kujua, pale ulipoandika includes, moduli, picha na vendor. Hiyo si miradi minne. Ni vyumba vya nyumba moja, na OpenGrok imeambiwa kila chumba ni nyumba.

Aliyesema hivyo ni herufi -P kwenye amri yako. Ukiiweka, OpenGrok huchukua kila folda iliyo moja kwa moja ndani ya /opengrok/src na kuihesabu kuwa mradi unaojitegemea. Faili lililolala pale juu, nje ya folda yoyote, halina mradi, kwa hiyo halisomwi. Wewe ulimwaga msimbo wote palepale src, na kazi.php ikabaki sebuleni. Ndiyo maana vilivyomo moduli unavipata, lakini kokotoa_riba huioni. Ungesakinisha mara kumi ungepata majibu yaleyale.

Dawa yake ni kuupa mfumo wote folda yake moja. Usihamishe kwa nyota, maana mv yenye nyota huacha nyuma faili zinazoanza na nukta, kama .htaccess. Fanya hivi, ukitanguliza sudo kama folda si yako:

mkdir /opengrok/src-mpya
mv /opengrok/src /opengrok/src-mpya/ushirika
mv /opengrok/src-mpya /opengrok/src

Sasa ndani ya src kuna kitu kimoja tu, ushirika, na kila kitu kimo humo. Kisha futa vilivyomo ndani ya /opengrok/data, maana mle kuna faharasa ya ile miradi minne ya uongo. Angalia vizuri unapoandika: unafuta data, siyo src. Data hujengwa upya kwa amri moja; src ikifutika, utamtafuta yule aliyeondoka.

Halafu rudia amri, safari hii na nyongeza kidogo:

java -Xmx1g -jar opengrok.jar -c /usr/bin/ctags -s /opengrok/src -d /opengrok/data -H -P -i d:vendor -i d:picha -i config.php -W /opengrok/etc/configuration.xml -U http://localhost:8080/source

Hiyo -Xmx1g inaizuia Java isile zaidi ya GB 1 ya kumbukumbu yake ya kazi, kwa sababu kwenye RAM ya GB 4 una kivinjari na Tomcat, seva inayobeba ukurasa wa OpenGrok, vinavyogombea nafasi hiyohiyo. Zile -i ni za kuruka: d: mbele ni folda, bila d: ni faili. Vendor ni maktaba za watu wengine, na ukiiacha ndani, kila utakachotafuta kitakuletea kurasa za msimbo usiokuhusu. Picha sina haja ya kueleza. Nilijifunza hili kwa aibu, hapa Tabora, ofisi moja iliponipa seva ndogo nami nikaisomesha folda nzima pamoja na nakala za hifadhidata za miaka yote. Diski ilijaa usiku, asubuhi mfumo wa malipo haukuamka.

Config.php nimeiruka kwa sababu nyingine. Faili la namna hiyo karibu kila mara lina nywila ya hifadhidata, na OpenGrok, ilivyo ukiisakinisha tu, haiulizi mtu jina wala nywila. Yeyote aliye kwenye Wi-Fi ya ofisi akifungua anwani ya laptopu yako, mlango wa 8080, anasoma kila kitu. Kama jina la faili lenu ni tofauti, badilisha. Na kama kazi hii ni yako peke yako, funga mlango huo kwa ufw, ukuta wa moto wa Ubuntu.

Nyongeza ya mwisho, -U, ndiyo inayounganisha pande mbili ambazo wengi hudhani ni kitu kimoja. Upande wa kwanza ni mwandishi wa faharasa: anapita kwenye msimbo, anamuita ctags amwonyeshe kila jina lilipozaliwa, kisha anaandika faharasa kwa kutumia Lucene, maktaba ya kutafutia maneno. Akimaliza, analala. Upande wa pili ni ukurasa unaoishi ndani ya Tomcat. Wenyewe hausomi msimbo wako kuutafuta, unasoma faharasa. Ukibadilisha kazi.php leo mchana bila kurudia amri, ukurasa utaendelea kutafuta kwa habari za jana. -U inautaarifu ukurasa kuwa mpangilio umebadilika. Ukiisahau, washa upya Tomcat, inatosha.

Nikiangalia swali lako, ctags yako iko sawa, maana isingekuwa sawa mwandishi wa faharasa angegoma tangu mwanzo. Ila wapo wengine watakaokwama hapo, basi niseme: andika ctags --version uangalie mstari wa kwanza. Ukisema Exuberant Ctags, hiyo ni ya zamani, toleo lake la mwisho 5.8 lilitoka 2009, na OpenGrok haiitaki. Inataka Universal Ctags. Kwenye Ubuntu ipate kwa apt install universal-ctags, usiichukue kwa snap, njia nyingine ya Ubuntu ya kusakinisha programu, kwa kuwa snap huifungia ctags isifike kwenye folda kama /opengrok. Kuna pia mtego wa Tomcat: apt ya Ubuntu 22.04 inakuletea Tomcat 9, wakati matoleo ya karibuni ya OpenGrok yanataka 10. Ukiweka la karibuni juu ya 9, ukurasa haufunguki, na hapo ndipo watu huanza kulaumu Java. Java nayo isiwe 8, zama zake zimepita.

Sasa tutafute kokotoa_riba. Kwenye ukurasa kuna visanduku kadhaa, na watu wengi hujaza cha juu tu, Full Search, basi. Wewe anza na Definition. Andika kokotoa_riba kama ilivyo, herufi kubwa kwa kubwa na ndogo kwa ndogo, maana sanduku hilo linatofautisha. Litakuonyesha mahali fankisheni ilipoandikwa. Kisha lifute, andika jina lilelile kwenye Symbol. Hapo utaona wanaoiita: pengine ukurasa wa mkopo mpya, pengine ripoti ya mwisho wa mwezi. Hii ndiyo faida yenyewe ya chombo hiki. Kujua riba inakokotolewaje ni rahisi, unafungua faili unasoma. Kujua ukiigusa utavunja nini kwingine, hapo ndipo msimbo wa kurithi unapotesa.

Lakini usiiamini Symbol peke yake kwenye PHP. Lugha hii inaruhusu kuita fankisheni kwa jina lililo ndani ya alama za nukuu, hivi:

call_user_func('kokotoa_riba', $mkopo);

Kwa macho yako huo ni mwito. Kwa ctags na wenzake ni maneno tu ndani ya nukuu, kwa hiyo Symbol inaweza kuuruka. Full Search inayaona maneno hayo, na haijali herufi kubwa au ndogo. Pitia zote mbili kabla hujasema "hakuna mwingine anayeitumia". Na kumbuka inatafuta neno zima: ukiandika kokotoa pekee usitegemee ikuletee kokotoa_riba, andika kokotoa* yenye nyota.

Kuhusu -H, hiyo ni ya historia, nani alibadilisha nini na lini. Kama msimbo ulikabidhiwa kwa flashi bila folda ya .git, ambamo programu ya Git hutunza mabadiliko ya msimbo, historia haipo na OpenGrok haiwezi kuitunga. Ingia kwenye folda ya ushirika, andika git init, weka vyote kama vilivyo leo kabla hujagusa mstari hata mmoja. Config.php iache nje kwa kuitaja kwenye .gitignore. Ya nyuma yamepotea, lakini mwaka kesho utajua wewe mwenyewe ulifanya nini.

Umeuliza msaada unaombwa kwa nani. OpenGrok ilizaliwa Sun Microsystems, kampuni iliyonunuliwa na Oracle mwaka 2010, na mpaka leo msimbo wake uko GitHub chini ya jina la Oracle. Jina hilo lisikudanganye ukadhani kuna dawati linalokusubiri. Hakuna mkataba wala namba ya simu. Wanaojibu wana kazi zao nyingine. Kwenye ukurasa wa mradi kuna Discussions kwa maswali na Issues kwa hitilafu zilizothibitika. Lako lilikuwa swali, lingekwenda Discussions.

Wanaokosa majibu mara nyingi huwa wameandika "haifanyi kazi, naomba msaada", na hapo hata mimi ningepita. Wewe kwenye barua yako ulifanya jambo moja la maana kuliko yote: ulinakili amri yenyewe, na ukataja majina uliyoyaona kwenye orodha. Bila hayo nisingejua kitu. Ukiandika kule, ongeza toleo la OpenGrok, pamoja na majibu ya java -version na ctags --version, na mistari ya logi kuanzia pale neno WARNING au SEVERE linapotokea mara ya kwanza. Ya kwanza, siyo ya mwisho. Kosa la mwisho mara nyingi ni mtoto wa la kwanza. Nakili maandishi, usipige picha ya skrini kwa simu. Andika kwa Kiingereza kifupi, hakuna atakayekucheka sarufi. Na kabla ya kubandika chochote, pitisha jicho utoe nywila na majina ya wanachama. Deni la mtu wa Ujiji halina kazi huko.

Kuhusu bando: njia ya Docker, inayoendesha programu kama kifurushi kilichokamilika, ni nyepesi kwa anayeanza, maana Java, Tomcat na ctags vyote vimo ndani, ila ni mzigo kuishusha. Mimi humwomba mtu mwenye intaneti ya uhakika aishushe mara moja, aandike docker save -o opengrok.tar opengrok/docker, aiweke kwenye flashi. Ikifika, unaandika docker load -i opengrok.tar, na mtandao hauguswi. Flashi yangu moja imeshapanda treni ya Tabora kwenda Kigoma kwa kazi hiyohiyo.

Nikuambie pia, kwa mtu mmoja na mfumo mmoja, OpenGrok ni jembe kubwa kwa bustani ndogo. Kama laptopu inalemewa, jaribu GNU GLOBAL: apt install global, ingia kwenye folda ya mfumo, andika gtags, kisha htags. Inakutengenezea folda iitwayo HTML ambayo unaifungua kwa kivinjari, majina yakiwa na viungo vya kubofya, bila Tomcat. PHP inaielewa. Cscope utasikia ikisifiwa sana, na inastahili, ila ilitengenezwa Bell Labs kwa ajili ya lugha ya C, haitakufaa hapa. Mimi ningebaki na OpenGrok kama mko wawili au watatu ofisini mnaosoma msimbo uleule.

Ukimaliza, niandikie mstari mmoja tu: Definition imekuletea kokotoa_riba ngapi. Nashuku zitakuwa mbili, moja ndani ya kazi.php na nyingine kwenye faili lenye jina kama kazi_old.php, ambalo mwenzetu aliliacha akidhani atalifuta kesho. Zikiwa mbili, usifute hata moja. Tafuta kwanza kwenye Full Search neno kazi_old, uone kama kuna ukurasa bado unaliita kwa require.