Semina tulipata, darasa halijabadilika

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya msingi huku vijijini Kasulu. Mwaka jana wawili wetu tulihudhuria semina ya elimu jumuishi, yaani watoto wenye ulemavu kusoma pamoja na wenzao, siku tatu. Tukawasimulia wenzetu kwenye kikao, wakapiga makofi. Basi, ikaishia hapo. Darasa la pili lina watoto 97: mmoja ana ualbino, mwingine nadhani hasikii vizuri, na wapo wanaojua Kiha tu. Nikiligusia hili naambiwa, "Hao wana shule zao." Nifanyeje bila kugombana na wenzangu?*

Marahaba mwanangu. Makofi ya kikao nayajua. Mara nyingi maana yake ni kikao kiishe, njaa inauma.

Nikuambie langu. Nikiwa bado nafundisha hapa Tabora, nilirudi kutoka semina kama hiyo nikijiona nimeiva. Kesho yake nikawakusanya watoto wote wenye shida ya kuona na kusikia, nikawaketisha dawati la mbele. Wiki haikuisha wenzao wakawa wamelibatiza: dawati la wagonjwa. Na mmoja wao, mvulana mwenye ualbino, kila nikigeuka ananyanyuka polepole anahamia ukutani, nyuma kabisa. Namrudisha, anahama. Nikamwona mkaidi.

Siku ya nne nikakaa mimi kwenye nafasi yake, saa nne hivi asubuhi, nikatazama ubao. Jua lilikuwa linaingia dirishani na kupiga palepale nilipoandika hesabu, na ubao wenyewe umechakaa, unang'aa kama sahani iliyopakwa mafuta. Mimi mwenye macho mazima nilipepesa. Kumbe mtoto alikuwa anakimbia mwanga.

Nikamuuliza, "Wewe huwa unapata lini?" Akajibu huku kainamia daftari, "Ukiandika huku unasema, mwalimu."

Jumamosi tukausiriba ubao kwa mkaa uliotwangwa na majani ya matembele. Nikamwombea kwa mwalimu mkuu ruhusa ya kuvaa kofia darasani, maana taratibu za shule zilikataza. Na kila nilichoandika nikawa nakisoma kwa sauti. Wa nyuma, ambao sikuwahi kujua kama hawaoni, nao wakaanza kunyoosha vidole.

Sasa wenzako. Usiwahubirie. Ukiingia darasa la mtu na daftari mkononi atakuona mthibiti ubora, atakuandalia somo la maonyesho. Wakaribishe wao kwako kwanza. Mwombe mmoja, yule mnayeelewana, akae dawati la nyuma dakika 20, akuambie nani hakuandika kitu. Kisha wewe uende kwake. Na vikao vya MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, mnavyo: badala ya kusoma moduli kwa zamu mpaka watu wasinzie, kila mwalimu aje na mtoto mmoja anayemshinda. "Nimemjaribu hivi, imegoma." Watu huchangamka wakisikia mwenzao naye kakwama.

Huyo unayedhani hasikii, usimwandike kiziwi. Mwite ukiwa nyuma yake, kwa sauti ya kawaida, siku mbili tatu, kisha zungumza na wazazi apelekwe akapimwe masikio. Wakati mwingine ni nta tu. Ila hapo utakutana na mgongano: wa ualbino anataka useme unapoandika, huyu anataka auone uso wako. Andika mstari mmoja, geuka, usome. Wa Kiha mkalishe na jirani wa kumtafsiria. Huko kwenu hawakosekani.

Kuhusu "shule zao": ni kweli zipo. Hapa Tabora tuna Furaha kwa wasioona, na tuna shule ya viziwi. Mtoto asiyesikia kabisa anahitaji lugha ya alama na mwalimu anayeijua, huwezi kuliziba pengo hilo kwa huruma. Lakini huyo wako wa ualbino anaona, ila kwa karibu, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma shule ya kawaida. Usiwasomee sheria lakini. Walimu tumesomewa mengi.

Hao 97 sitakudanganya, ni wengi mno kwa mtu mmoja. Mwandikie afisa elimu kata, akinyamaza mwandikie tena. Wakati unasubiri jibu, nenda kakae kwenye dawati la huyo wa ualbino saa nne asubuhi, na Jumamosi utafute mkaa.