Saa mbili asubuhi si 02:00: kwa mnaoanza kuunda mawakala wa akili mnemba

Mwezi wa saba Uyole, Mbeya, kuna baridi ya kugandisha vidole. Katika baridi hiyo, saa nane usiku, dereva na utingo wake walisimama nje ya ghala la viazi lililofungwa kwa kufuli, kwa sababu ya maneno mawili niliyoyaandika mimi.

Tulikuwa tumemtengenezea dalali mmoja wakala wa kujibu wateja na kupanga magari. Nasema wakala wa akili mnemba, siyo wale wa kutoa pesa pale stendi. Alikuwa na zana sita, yaani vipande vya programu anavyoweza kuviita vimfanyie kazi. Mojawapo niliita panga_gari, na kwenye maelezo yake nikaandika "Hupanga gari." Basi. Kigezo cha muda, yaani nafasi ambayo wakala anajaza saa, kikabaki "muda", kinapokea maandishi yoyote. Mteja wa Dar akaandika, "Gari lipakie saa mbili asubuhi." Wakala akapeleka 02:00, dereva akatumiwa ujumbe, naye akatii. Kulipokucha dalali hakunipigia simu. Alikuja mwenyewe.

Nilianza kwa kulaumu modeli, ile akili mnemba yenyewe inayosoma na kuamua ndani ya wakala. Nikahamia ya bei zaidi. Ikawa mara inapatia, mara inakosea. Siku ya tatu ndipo nikarudi kwenye ule mstari wangu, nikaandika hivi: "Tumia zana hii mteja akishakubali bei na idadi ya magunia. Muda uwe wa saa 24, kwa saa za Afrika Mashariki. Wateja husema saa za Kiswahili: saa mbili asubuhi ni 08:00, saa mbili usiku ni 20:00. Asipotaja asubuhi au usiku, muulize kabla ya kupanga." Kodi ya zana (maandishi ya programu yenyewe, siyo ya TRA) sikuigusa hata herufi, na sentensi zilezile zilizokuwa zinaleta 02:00 zikaanza kuleta 08:00.

Wadogo zangu, modeli haioni kodi yako. Inachopewa ni jina la zana, maelezo yake, na muundo wa data inayopokelewa. Hata ukitumia MCP (Model Context Protocol), itifaki ya kuunganisha modeli na zana ambayo Anthropic waliitoa Novemba 2024, ni hayo hayo: seva inaorodhesha zana zake, modeli inasoma, inachagua. Ni kama kijana mgeni unayemtuma soko la Mwanjelwa kwa mara ya kwanza. Ukimwambia tu "kanunue viazi", kitakachorudi usimgombeze.

Vipimo ndivyo vitakavyowatesa zaidi huku kwetu. Zana yetu ya tafuta_bei ilikuwa inarudisha namba tupu, tuseme 70000. Ya nini? Gunia? Debe? Na kama ni gunia, lipi? Sheria inataka lisizidi kilo 100, lakini lumbesa mnazijua. Wakala aliichukua ile namba, akagawa kwa 100, akamtajia mteja bei ya kilo ambayo hakuna mtu sokoni angeitambua. Siku hizi jibu la zana linabeba namba pamoja na kipimo chake, na kigezo cha kipimo kina orodha iliyofungwa: kilo, debe, gunia la kilo 100. Mteja akitaja lumbesa, maelezo yanamwagiza wakala aulize uzito.

Kulikuwa pia na tafuta_bei na angalia_soko. Mimi nilijua moja ni ya bei za leo na nyingine ya miezi iliyopita, kwa kuwa nilizijenga mimi. Nikampa mhasibu wetu, asiyejua kodi, asome maelezo tu anionyeshe angetumia ipi kujibu "viazi vimepanda?" Akasita. Modeli nayo ilikuwa inasita palepale. Hilo jaribio halina gharama, lifanyeni.

Msije mkaandika hadithi, lakini. Maelezo yote huingia kwenye kila ombi na kula tokeni, vile vipande vya maneno ambavyo modeli husoma na wewe hulipia, na kwa modeli nyingi Kiswahili hula tokeni nyingi kuliko Kiingereza. Mimi huandika maelezo kwa Kiingereza kifupi, ila maneno ya wateja nayaacha yalivyo: lumbesa, debe, saa mbili. Wenzangu wengine wanapinga, na hatujagombana bado.

Ujumbe wa kosa nao unasomwa na modeli. "Kosa 400" haumsaidii mtu. "Tarehe imeshapita, uliza tarehe nyingine" unamrudisha wakala kwenye njia.

Wekeni daftari la sentensi halisi za wateja, pamoja na zile za hovyo zisizo na nukta. Ukibadili maelezo ya zana moja, zipitishe zote tena, uangalie zana ipi imeitwa na imepewa nini. Badili moja kwa wakati, la sivyo hutajua kilichoponya.

Na kabla hujaunganisha seva ya mtu mwingine, soma maelezo ya zana zake mstari kwa mstari. Modeli inaweza kuyafuata kama maagizo, na mwenye nia mbaya anaweza kuficha humo amri yake.

Kingine, maelezo ni ombi tu, kufuli liko kwenye kodi. Kuandika "usipange magari usiku" hakutoshi. Sasa panga_gari ikipokea muda wowote kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri, inakataa na kumrudishia wakala swali la kumuuliza mteja. Aliyependekeza hilo ni yule dereva.